Herufi Hazisafiri na Faili

Kadi ya harusi imetengenezwa nyumbani, kwenye kompyuta ya mpwa wa bwana harusi, usiku baada ya kikao cha kamati. Majina ya maharusi yamewekwa kwa mwandiko wa kujikunja, herufi ya kwanza ina mkia unaopita chini ya jina lote, na mama mzazi ameshaiona na kuipitisha. Asubuhi mjumbe anatumwa steshenari na flashi. Faili linafunguliwa mbele ya foleni ya watu, na pale palipokuwa na mikia na mizunguko pana herufi kavu za barua ya kikazi. Mstari wa jina la ukumbi umeshuka. Namba ya simu ya mweka hazina imekatika, nusu iko mwisho wa mstari, nusu imeangukia mstari wa pili.

Hapo lawama huanza. Mjumbe anasema kompyuta ya duka ina virusi. Kijana wa dukani anaapa: "Dada, mimi nimefungua tu, sijagusa kitu." Mpwa anapigiwa simu, naye anasema aliiacha kadi ikiwa safi kabisa. Wote watatu wanasema kweli.

Faili la Word kwa kawaida halibebi herufi. Linabeba maneno, na pembeni ya maneno linabeba jina la fonti iliyotumika, basi. Ni kama kamati inavyotangaza sare: inataja kitenge, haigawi kitenge. Mwenye nacho atakivaa, asiye nacho atatafuta kinachofanana, na asiyejali atakuja na alichonacho. Kompyuta ya steshenari ilisoma jina la fonti, ikaitafuta kwake, haikuiona, ikachagua nyingine. Wala haikumwambia mtu.

Kibaya zaidi ni kwamba Word hudanganya kwa adabu. Ukibofya juu ya yale majina yaliyoharibika na kutazama kisanduku cha fonti pale juu, utakuta jina la fonti ya awali limeandikwa vilevile, kana kwamba ipo. Programu inahifadhi jina ili faili likirudi nyumbani lijivae upya, lakini macho yako yanaona fonti nyingine kabisa. Anayetaka ukweli aingie kwenye "Options", kisha "Advanced", ashuke mpaka kwenye kitufe cha "Font Substitution". Pale imeorodheshwa kila fonti inayokosekana na iliyokaimu nafasi yake. Ni dirisha ambalo watu hutumia Word miaka nenda rudi bila kulifungua, na kwa maoni yangu lingepaswa kujifungua lenyewe kila faili geni linapoingia.

Fonti yenyewe ni faili kama mafaili mengine, mara nyingi dogo kuliko picha moja ya simu. Ndani yake mna mchoro wa kila herufi, tarakimu na alama, upana wa kila mmoja, na maelekezo madogo madogo ya jinsi ya kuzipanga: V ikifuata A isogezwe kiasi gani, f ikikutana na i ziungane au zisiungane. Mkia wa jina lake huwa ni .ttf au .otf. Mkia wa kwanza ni wa TrueType, teknolojia iliyobuniwa na Apple, ikaingia kwenye kompyuta za Mac mwaka 1991 na kwenye Windows 3.1 mwaka uliofuata. Wa pili ni wa OpenType, ambayo Microsoft na Adobe waliitangaza mwaka 1996 wakiwa wamechoka kushindana. Kwa mtumiaji wa nyumbani tofauti yao ni ndogo, zote mbili zinafanya kazi.

Mkia wa kuogopa ni .pfb. Hizo ni fonti za Type 1 ambazo Adobe ilizianzisha mwaka 1984, na kwa miaka mingi ndizo zilizotawala viwanda vya uchapaji. Januari 2023 Adobe iliacha kuzitambua kwenye programu zake. Mwenye duka la uchapaji anayetunza CD za zamani na anayefungua kazi ya miaka ya 1990 kwenye programu mpya atakuta fonti zake zinahesabiwa kuwa hazipo, ingawa mafaili anayaona kwa macho yake.

Turudi kwenye suala la kukaimu, maana ndilo lenye mambo. Kompyuta ikikosa fonti, kinachovuruga ukurasa si sura ya herufi bali upana wake. Herufi zikiwa pana kidogo tu, neno la mwisho wa mstari linasukumwa chini, mstari unaongezeka, aya inarefuka, na CV ya kurasa mbili inageuka kuwa ya kurasa tatu, ya tatu ikiwa na mstari mmoja wa jina la mdhamini. Wachora herufi wamelijua tatizo hili siku nyingi. Arial, ambayo ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype, ilipewa upana uleule wa Helvetica, fonti ya Uswisi ya mwaka 1957, herufi kwa herufi. Wapo wanaoidharau Arial kwa sababu hiyo na kuiita nakala. Mimi naona ni kazi ya akili: hati iliyopangwa kwa Helvetica inafunguka kwa Arial bila mstari hata mmoja kuhama.

Baadaye Arial nayo ikapata mshika nafasi wake. Watumiaji wa Linux hawakuwa na fonti za Microsoft, na hati za ofisini zikawa zinawavurugikia. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa bure fonti za Liberation, zilizochorwa na Steve Matteson: Liberation Sans ina upana wa Arial, Liberation Serif upana wa Times New Roman, Liberation Mono upana wa Courier New. Kisha zikaja Carlito inayomshikia nafasi Calibri na Caladea inayomshikia Cambria. Kwa hiyo mtu anayetumia LibreOffice nyumbani kwa kuwa hana hela ya leseni ya Microsoft, na anatuma CV yake kwenye ofisi zinazotumia Word, ahakikishe Carlito na zile tatu za Liberation zimo kwenye mashine yake. Hazigharimu kitu, na zinaondoa aibu ya ukurasa wa tatu.

Kwa kuwa nimeitaja Calibri, niseme na hili. Ilichorwa na Lucas de Groot, Mholanzi anayefanyia kazi zake Berlin, nayo ikawa fonti ya kawaida ya Word kuanzia Office 2007 hadi Microsoft ilipoileta Aptos mwaka 2023. Mwaka 2017 nchini Pakistan, wachunguzi wa mali za familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif walikuta hati yenye tarehe ya Februari 2006 iliyoandikwa kwa Calibri, wakati fonti hiyo haikuwa imeingia sokoni mpaka Januari 2007. Magazeti ya huko yalipata wiki nzima ya vichwa vya habari, na watu ambao hawakuwahi kujua kwamba fonti zina tarehe ya kuzaliwa wakaanza kubishana kuhusu matoleo ya majaribio. Binti wa waziri mkuu, Maryam Nawaz, aliyehusishwa na hati ile, alihukumiwa kifungo mwaka 2018 katika kesi hiyo ya mali, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Islamabad ikamfutia hatia. Kwa msomaji wa kawaida linalobaki ni dogo: ukifungua hati ya zamani kwenye kompyuta mpya na kuichapa upya bila kuangalia, unaweza kuivalisha fonti ambayo haikuwepo siku ilipoandikwa.

Sasa tuweke fonti mpya kwenye kompyuta. Mahali ninapoamini pa kuanzia ni Google Fonts, maktaba iliyofunguliwa mwaka 2010, kwa kuwa karibu kila kilichomo kina leseni huria na hakuna matangazo ya kukuvuta kwenye kitufe cha uongo. Ukipakua, unapata faili la zip. Watu wengi hulifungua kwa kubofya mara mbili, wakaona mafaili ya fonti ndani, wakaanza kuyasakinisha hapohapo, na mara nyingi inagoma au inaweka moja na kuacha mengine. Kwanza toa vitu vyote kwenye zip, viweke kwenye folda ya kawaida.

Ndani ya folda hiyo utakuta vitu vitatu. Kuna faili la maandishi, mara nyingi OFL.txt, ambalo ni leseni. Kuna faili moja au mawili yenye neno "VariableFont" kwenye jina. Na kuna folda inayoitwa "static" yenye mafaili mengi. Hapa ndipo pa kutulia. Fonti badilifu, teknolojia iliyotangazwa mwaka 2016 na Adobe, Apple, Google na Microsoft kwa pamoja, inaweka unene wote ndani ya faili moja, kuanzia wembamba wa uzi mpaka unene wa bango. Kwa tovuti ni neema, kwa sababu faili moja linatosha. Kwa Word bado ni kero, hasa matoleo ya nyuma: unene mwingine hauonekani kwenye orodha, na ukigeuza kuwa PDF mambo yanaweza kuvurugika. Kwa kazi za nyumbani ingia kwenye "static" na uchukue nne: Regular, Italic, Bold na BoldItalic.

Chukua zote nne, usichukue moja. Ukisakinisha Regular peke yake kisha ukabonyeza B ya kunenepesha, Word haitakataa. Itatengeneza unene wa bandia kwa kupaka wino wa ziada pembeni ya kila mstari wa herufi. Kwenye skrini unaweza usione tofauti, lakini ikichapwa, tundu la e na la a linajaa na neno linaonekana limelowa. Mlazo wa bandia nao ni Regular iliyosukumwa kwa bega. Ukilinganisha na mlazo halisi, utaona a imebadilika umbo kabisa katika fonti nyingi, kwa sababu mchoraji aliichora upya.

Kwenye Windows, chagua yale mafaili manne kwa pamoja, bofya kulia, kisha bofya "Install". Tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018, "Install" huweka fonti kwa ajili ya mtumiaji mmoja tu aliyeingia, na haidai nywila ya msimamizi. Chini yake kuna "Install for all users", inayoziweka kwenye folda ya Fonts ndani ya folda ya Windows, wanafamilia wote wazipate. Ukiona programu fulani ya zamani haiioni fonti uliyoiweka jana wakati Word inaiona, jaribu hiyo ya pili. Kwenye Mac bofya mara mbili, programu ya Font Book inajitokeza na kumaliza kazi. Kwenye Linux zitupe ndani ya folda ya .local/share/fonts iliyo kwenye folda yako ya nyumbani na uendeshe amri ya fc-cache. Programu uliyokuwa umeifungua ifunge na uifungue tena, maana nyingine husoma orodha ya fonti mara moja tu, zinapoanza.

Kabla ya kuipenda fonti, ipime kwa Kiswahili. Sentensi za majaribio zinazoonyeshwa na Windows au na tovuti za fonti ni za Kiingereza, na zimetungwa ili kupitia herufi zote za Kiingereza. Kiswahili kina tabia zake. Herufi a ndiyo inayoonekana kuliko zote, k na w zimejaa, na karibu kila neno linaishia na irabu. Fonti yenye a mbaya itachosha ukurasa mzima wa Kiswahili hata kama Kiingereza chake ni kizuri. Andika "wakakataa kukaa" na utazame: kama zile a zinakwaruza macho, tafuta nyingine.

Kisha andika Chang'ombe. Ritifaa ndiyo inayoangusha fonti nyingi za mapambo. Ukibonyeza ritifaa kwenye kibodi, Word huigeuza yenyewe kutoka ile iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti zenye namba tofauti. Mchoraji aliyetengeneza fonti yake chumbani kwa ajili ya kadi za Krismasi anaweza kuwa ameichora moja na kuisahau nyingine. Matokeo yake ni kisanduku kitupu katikati ya Chang na ombe, au ritifaa iliyoazimwa kutoka fonti nyingine, nene na ngeni. Vivyo hivyo kwa Murang'a na Mang'ula na kila ng'ombe atakayetajwa kwenye mahari. Ukikuta hivyo, bonyeza Ctrl na Z mara tu baada ya kuandika ritifaa. Word itarudisha ile iliyonyooka, na huenda hiyo ipo.

Wanaoandika Gĩkũyũ na Kĩkamba wana mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu ya ĩ na ũ. Fonti za kawaida za Windows zinazo. Fonti za mwandiko wa mkono mara nyingi hazina, na programu, badala ya kuonyesha kisanduku, huchukua ĩ ya fonti jirani. Jina la bibi linatoka na herufi moja iliyosimama wima katikati ya nyingine zilizolala. Kwa Lingala, na kwa lugha nyingine za Kongo zinazotumia ɛ na ɔ, ni hivyohivyo. Kabla ya kupakua, tovuti nzuri zinaruhusu kuandika maneno yako mwenyewe kwenye kisanduku cha majaribio. Andika jina la bibi, usiandike la msichana wa Kiingereza.

Mwisho pima tarakimu. Kadi za kwetu zina namba za simu za kutumia mchango, na tarakimu moja ikisomwa vibaya hela inaenda kwa mtu asiyehusika. Georgia, fonti aliyoichora Matthew Carter kwa Microsoft, ni nzuri sana kwa kusoma, lakini tarakimu zake ni za mtindo wa kale: nyingine zinapanda, nyingine zinashuka, na sifuri yake ni fupi kama o ndogo. Kwa riwaya inapendeza. Kwa namba ya mweka hazina, weka fonti nyingine. Na fonti za mwandiko wa kujikunja zisiandikwe kwa herufi kubwa tupu. Kila herufi kubwa pale imechorwa ili ianze neno, na zikipangwa saba mfululizo mikia inagongana mpaka jina la ukoo halisomeki. Hili ni kosa ninaloliona kila msimu wa harusi, nami sijapata kuelewa kwa nini hakuna mwanakamati anayelikemea.

Upo upande wa hatari. Mwaka 2011 watafiti wa maabara ya CrySyS ya Budapest walikitambua kirusi kilichopewa jina la Duqu. Kiliingia kwenye kompyuta kupitia hati ya Word iliyokuwa na fonti ya TrueType ndani yake, fonti iliyojiita Dexter Regular, na kufungua tu hati hiyo kulitosha. Microsoft iliziba tundu hilo Desemba mwaka huohuo, na Windows 10 ikahamisha kazi ya kusoma fonti nje ya kiini cha mfumo ili ikiharibika isiangushe kila kitu. Hatari iliyo karibu na mtu wa kawaida ni nyepesi zaidi kuielewa. Mwaka 2017 ulizuka utapeli ambapo ukurasa wa intaneti ulionekana umejaa alama zisizosomeka, na dirisha likatokea kusema fonti ya HoeflerText haikupatikana, bofya hapa uisasishe. Fonti hiyo ipo kweli na haina kosa lolote. Kilichopakuliwa ni programu hasidi. Kivinjari chako hakihitaji usakinishe fonti ili usome ukurasa, na faili la fonti halina mkia wa .exe. Ukiuona, lifute.

Leseni nayo isomwe, walau mistari ya mwanzo. Maneno "bure kwa matumizi binafsi" yanamtosha mpwa anayetengeneza kadi ya mjomba wake. Hayamtoshi mwenye steshenari anayeuza kadi hiyohiyo kwa wateja kila wiki, huyo ni mfanyabiashara na fonti ni programu ya mtu. Ndiyo maana leseni ya SIL, inayojulikana kwa kifupi OFL, imekuwa na baraka kubwa. Ilianza mwaka 2005, toleo linalotumika sasa ni la 2007, nayo inaruhusu kutumia, kunakili, kurekebisha na kuchapa kwa biashara. Inachokataza hasa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Waliotunga leseni hiyo, shirika la SIL, ndio waliotuletea pia fonti ambayo ningependa kuiona kwenye kila shule ya msingi yenye kompyuta na printa. Inaitwa Andika, jina lake limetoka kwetu, na imechorwa kwa ajili ya mtu anayejifunza kusoma. Tazama a yake: ni duara na kijiti, kama mwalimu anavyoiandika ubaoni, si ile yenye kofia ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaikuta kwenye vitabu na kudhani ni herufi nyingine. I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 haziwezi kuchanganywa. Ina ĩ, ina ũ, ina ɛ na ɔ, na ina ritifaa zote mbili. Mwalimu anayeandaa mtihani wa darasa la pili kwa Times New Roman anawapa watoto kazi ya ziada bila kujua.

Kwa wanaoandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na bado wapo Lamu, Mombasa na Unguja wanaonakili tenzi za wazee, kazi ni ngumu zaidi kwa sababu kila herufi hubadilika umbo kutegemea kama iko mwanzo, kati au mwisho wa neno. Fonti lazima iwe na maumbo yote pamoja na kanuni za kuyachagua. Tena Kiswahili kinahitaji sauti ambazo Kiarabu hakina, kama p na ch na v, ambazo herufi zake hazimo katika fonti zilizotengenezwa kwa Kiarabu pekee. Scheherazade New, ya SIL pia, imechorwa ikiwa na herufi za lugha nyingi zinazotumia hati hiyo, na ni ya bure. Familia ya Noto ya Google, iliyotangazwa kikamilifu mwaka 2016 baada ya kazi ya miaka mitano pamoja na Monotype, ilikuwa na lengo la kuondoa visanduku vitupu kwa zaidi ya lugha 800, na nayo ina sehemu yake ya Kiarabu.

Baada ya miezi michache ya kupakua, orodha ya fonti inakuwa ndefu mpaka kuitelezesha ni kazi. Programu nzito za usanifu huchelewa kufunguka kwa sababu zinapitia fonti zote kwanza. Anayefurahia kukusanya asisakinishe kila anachokusanya. Aziweke kwenye folda yake ya kawaida, ndani ya Nyaraka, aziangalie kwa programu kama FontBase au NexusFont, na azisakinishe anapozihitaji. Kwenye Mac, Font Book inakuruhusu kuzima fonti bila kuifuta, na ina uwezo wa kutafuta nakala mbili za fonti moja, jambo linalosababisha matatizo ya ajabu: hati inatumia nakala ya zamani leo na mpya kesho. Kwenye Windows ingia "Settings", "Personalization", "Fonts", bofya fonti usiyoitaka na uiondoe. Zilizokuja na Windows ziache. Segoe UI, kwa mfano, ndiyo inayoandika menyu na vitufe vingi unavyoviona, na mtu anayelazimisha kuiondoa kwa kufuata maelekezo ya video anajitafutia fundi.

Na kadi ya harusi je? Njia salama kuliko zote ni kuitoa nyumbani ikiwa PDF, kwa sababu PDF hubeba michoro ya herufi zilizotumika. Kwenye Word chagua kuhifadhi kama PDF, ifungue uikague, kisha ndiyo uipeleke. Wanaotengeneza kadi kwenye Canva kwa simu wanafanya hivyo bila kujijua, maana fonti za huko hazijawahi kuwa kwenye simu yao, na kinachotoka ni PDF au picha iliyokamilika. Kama steshenari inatakiwa kurekebisha kitu, mfano kubadilisha jina la mwalikwa kwenye kila kadi, PDF itawabana. Hapo ingia "Options", kisha "Save", weka alama kwenye "Embed fonts in the file", na faili la Word litabeba fonti ndani yake. Litakuwa zito zaidi. Baadhi ya fonti zinakataa kubebwa, maana mwenye fonti anaweza kuweka katazo hilo ndani ya faili lake, na Word inalitii. Kwa hizo, kama leseni inaruhusu, weka faili la fonti kwenye flashi ileile na umwombe kijana wa dukani aisakinishe kabla hajafungua kadi. Akiifungua kadi kwanza, aifunge na aifungue upya.

Ukinunua kompyuta mpya, fonti ulizoweka mwenyewe hazitakufuata pamoja na picha na nyaraka. Zile za "Install" ya kawaida ziko kwenye folda iliyofichwa, AppData, ndani ya jina lako la mtumiaji, kisha Local, Microsoft, Windows, Fonts. Nakili folda hiyo kwenye flashi kabla ya kuiuza mashine ya zamani au kuipeleka kufutwa, na ukifika kwenye mpya usiidondoshe tu mahali palepale. Chagua mafaili yote, bofya kulia, "Install", maana Windows inahitaji kuyaandikisha. Nakili na zile OFL.txt. Mteja wa kwanza atakayekuuliza kama una haki ya kuichapa nembo yake kwa fonti hiyo atataka kuiona karatasi.